Kioo cha Wasomaji: Rangi za msimu wa wenzetu kwenye jua la Dodoma

Barua za mwezi huu zimeandamana. Wengi mmetumiwa au mmenunua seti za mekapu za msimu, zile zenye rangi nyingi kwenye boksi moja, na mnauliza mzifanyeje. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mpaka mekapu, saluni yangu iko jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma mjini, na rangi kali ndizo ninazozipenda kuliko kazi nyingine yoyote ya uso. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inabeba maswali ya wengi.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mimi ni mtumishi, ofisi yetu iko Mtumba. Mdogo wangu anasoma Ujerumani, na mwezi wa nne alinitumia paleti ya toleo la machipuo ya huko. Ina rangi 12: buluu ya mbingu, zambarau iliyopauka, kijani cha majani machanga, pichi, njano ya siagi, na nyingine zinazong'aa. Kuna pia rangi ya mashavu ya maji, ya machungwa, na lipstiki ya waridi. Msichana wa kwenye boksi amependeza mno. Mimi nilipopaka ile buluu asubuhi na kwenda kazini, mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Ngozi yangu ni maji ya kunde iliyokolea. Je, rangi hizi si zetu? Nimpe mtu? — *Mtumishi, Mtumba*

JIBU: Usimpe mtu, dada yangu. Boksi hilo lina kazi nzuri kwako, ila halikuandikiwa maelekezo yako.

Kwanza uelewe limetoka wapi. Kampuni za vipodozi za Ulaya na Marekani hutoa matoleo yao kwa kufuata majira manne ya kwao. Machipuo yanapokuja wanaleta rangi laini zilizopauka, kiangazi ni shaba na dhahabu, majani yanapopukutika ni kahawia na rangi ya bilinganya, na mwisho wa mwaka ni nyekundu na vinavyometa kwa ajili ya Krismasi. Sisi wa Dodoma tuna mvua za Desemba hadi Aprili, kisha ukavu mrefu. Toleo la machipuo linaingia madukani kwao karibu na mwezi wa tatu, wakati mtama na uwele umesimama mashambani na hata vilima vya huku vimevaa kijani. Kwa hiyo msimu wenyewe haukukukosea sana. Kilichokukosea ni nyeupe.

Geuza boksi usome viungo. Utaona maandishi CI yakifuatiwa na namba, na hizo ndizo rangi zenyewe. CI 77891 ni titani dioksidi, rangi nyeupe. Ili kupata buluu ya mbingu, mtengenezaji huchukua buluu iliyokolea, mara nyingi ultramarini, CI 77007, akaichanganya na nyeupe hiyo mpaka ipauke. Kwenye ngozi nyeupe ile nyeupe haionekani, inabaki buluu tu. Kwenye ngozi yako inakuwa kinyume: nyeupe inatangulia kuonekana, buluu inafuata nyuma, na kilichobaki ni kijivu. Mwenzako hakuona buluu, aliona kijivu juu ya macho, akafikiri umekesha na homa. Huna kasoro yoyote usoni.

Mpaka rangi wa nyumba hapigi rangi juu ya plasta tupu, anatanguliza koti la chini. Nawe fanya hivyo. Tafuta penseli ya macho ya buluu iliyokolea, ile ya shilingi chache madukani, paka kwenye kigubiko cha jicho na uisambaze kwa kidole. Kabla haijakauka, chukua buluu yako ya mbingu kwa brashi bapa na uikandamize juu yake. Usifagie. Ukifagia unaiondoa penseli na unarudi kwenye kijivu. Zambarau iliyopauka itangulize kwa penseli ya zambarau nzito, kijani cha majani machanga kwa penseli ya kijani cha chupa. Hapo utaona rangi inakaa mahali pake na inasema jina lake. Nimepaka hivyo wanawake weusi kuliko wewe, nao wakatoka wanang'aa.

Rangi zinazong'aa hazihitaji shida yote hiyo. Nyingi zinatengenezwa kwa maika, CI 77019, madini ya vibamba vyembamba vinavyorudisha mwanga, na kwenye ngozi nyeusi mng'ao unaonekana vizuri kuliko kwa huyo wa kwenye boksi. Lowanisha brashi kidogo tu kwa maji, uguse katikati ya kigubiko. Pichi itakufaa sana bila penseli, kwa kuwa rangi za namna hiyo hupatikana kwa oksidi za chuma, CI 77491 nyekundu na CI 77492 njano. Ni oksidi za chuma hizohizo zinazoupa udongo wetu wekundu wake, na ngozi zetu hazigombani nazo. Njano ya siagi ndiyo ngumu. Siipendi ikipakwa jicho zima. Weka tone kwenye kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, uiache hapo.

Sasa lile ninalolisema kila siku saluni: jaribu rangi kwenye mwanga utakaoivaa. Ulipaka asubuhi, huenda kabla jua halijatoka, chini ya taa nyeupe ya bafuni. Taa hizo nyingi zina ubuluu ndani yake, hivyo unajiona umepaka kidogo na unaongeza. Kisha unashuka Mtumba penye uwazi, mji wetu uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jua la saa sita linakupiga utosini, na kila ulichoongeza kinaonekana. Jumamosi toa kioo nje, paka jicho moja kwa penseli na jingine bila penseli, ujitazame asubuhi, mchana na jioni. Ndani ya siku moja utajua rangi zipi ni za ofisini, zipi za harusini, na zipi za kumpa binti wa jirani achezee mkononi.

Na upepo, dada. Kuanzia Juni mpaka Agosti huku ni baridi, ukavu na vumbi. Poda ikikuta ngozi kavu inakwama kwenye mistari midogo na kufanya ukoko. Osha uso, paka losheni ya uso ungali na unyevu, kisha subiri unywe chai ndipo uanze mekapu. Usipake mafuta ya mgando usoni kabla ya mekapu, kila kitu kitateleza, ila mdomoni yanakusaidia: paka kabla hujaanza, futa ukimaliza macho, ndipo lipstiki iingie. Kwa lipstiki yako ya waridi chora kwanza pembeni kwa penseli ya kahawia, uvute rangi kuelekea ndani. Bila kahawia hiyo waridi iliyopauka huonekana imeelea mbele ya mdomo.

Ile rangi ya mashavu ya machungwa ndiyo zawadi halisi ya boksi lako. Kwenye mkono inatisha. Usiogope, weka nukta mbili juu kabisa ya shavu na uigonge kwa kidole mpaka isionekane imeanzia wapi. Kwenye ngozi ya maji ya kunde machungwa huleta joto ambalo waridi haiwezi kulileta. Mwaka 2017 Fenty Beauty ya Rihanna ilipoanza na faundesheni za rangi 40, kampuni nyingi zililazimika kutukumbuka kwenye faundesheni. Kwenye matoleo ya msimu bado naona picha ya boksi inapigwa kwa ngozi moja na sisi wengine tunaachiwa tujitafutie njia. Linaniuma, kwa sababu watu weusi ndio wanaobeba rangi vizuri kuliko wote. Watazame akina mama wa Kigogo wanaopiga ngoma ya muheme, shanga nyeupe, nyekundu na buluu shingoni. Nani atasema rangi hizo si zao?

Kwa ofisini vaa rangi moja tu machoni, na mashavu. Nyingine zisubiri Jumamosi.

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma UDOM mwaka wa pili. Nimenunua paleti ya rangi za kuwaka, waridi, machungwa na kijani kile cha fulana za barabarani, kwenye soko la wazi la Machinga, bei nafuu. Nataka kuivaa kwenye sherehe ya kuwaaga wa mwaka wa tatu. Nikipaka waridi jicho linawasha kidogo na nikinawa inabaki doa siku nzima. Ni kawaida? — *Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuwashwa si kawaida. Acha kuipaka machoni kuanzia leo.

Rangi za kuwaka hutumia rangi za maabara zilizo tofauti na madini niliyoyataja juu. Nchini Marekani baadhi ya nyekundu, waridi na zambarau za namna hiyo zinaruhusiwa mdomoni na mashavuni lakini hazijaruhusiwa kwenye eneo la jicho. Ndiyo maana paleti nyingi za kuwaka zina ilani ya Kiingereza nyuma ya boksi, kwa herufi ndogo kabisa, kwamba bidhaa haikusudiwi kwa macho, ingawa kwa mbele imepangwa mithili ya aishedo. Doa unaloliona ni rangi iliyoingia kwenye ngozi ya juu, na itaondoka yenyewe. Usiisugue.

Geuza boksi lako. Tafuta jina la mtengenezaji na nchi, namba ya toleo, orodha ya viungo, na alama ya kopo lililo wazi lenye namba ndani yake, mfano 12M, maana yake litumike ndani ya miezi 12 tangu kufunguliwa. Boksi lisilo na hata kimoja kati ya hivyo sitaliweka kwenye uso wa mtu, liwe zuri kiasi gani. Usalama wa vipodozi tangu mwaka 2019 uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, hapo kabla ulikuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwa hiyo ukikuta bidhaa inayokutia shaka peleka taarifa huko.

Sherehe bado uiende na rangi. Kama boksi lina ilani hiyo tu na maelezo mengine yote yapo, jaribu kwanza nyuma ya sikio na uache mpaka kesho yake. Pakiwa shwari, tumia waridi mashavuni na begani. Machoni nunua penseli moja ya buluu ya umeme iliyoandikwa ni ya macho, chora mstari mmoja mnene juu ya kope. Ukumbini hutahitaji kitu kingine.

Na tafadhali, msipokezane brashi na maskara bwenini. Nalisema hili kwa uzito. Mapema mwaka 2024 nchi nzima iliona macho mekundu yalivyopita nyumba kwa nyumba. Na mkoa huu una historia ya trakoma, ugonjwa wa macho; watafiti wamefanya kazi Kongwa kwa miaka mingi juu ya ugonjwa huo unaosambazwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Brashi inayopita kwenye macho ya watu sita ni kitambaa cha watu sita. Osha yako kwa sabuni ya maji kila wiki, ianike imelala, na maskara itupe baada ya miezi mitatu hata kama imebaki.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa bibi harusi, natoka Mpwapwa, nina miaka 58. Send-off ya binti yangu iko Dodoma mjini mwezi ujao, sare yetu akina mama ni kitenge cha kijani na dhahabu. Mabinti wananiambia nipakwe kijani machoni. Naogopa kuchekwa. Nikatae? — *Mama wa bibi harusi*

JIBU: Shikamoo mama yangu, na hongera kwa kumfikisha binti. Usikatae kijani, kataa kinavyopakwa.

Mabinti watataka kukupaka kijani kinachong'aa kigubiko kizima, kwa kuwa ndivyo wanavyojipaka wao. Kwa umri wako kinachong'aa huingia kwenye mikunjo na kuionyesha. Mwambie mpakaji atumie kijani kilichokolea kisichong'aa, rangi ya chupa ya soda, akiweke karibu kabisa na kope na kukififisha kuelekea juu kwa kahawia. Dhahabu iwe tone katikati tu. Nyusi zijazwe kwa kahawia nyeusi, nyeusi tupu inakaza uso. Chini ya jicho, kama pana weusi, aanze na konsila, krimu ya kufichia madoa, ya rangi ya machungwa ndipo aweke ya rangi ya ngozi, maana ya ngozi peke yake juu ya weusi hutoa kijivu. Mdomo uwe mwekundu wa zabibu iliyoiva. Huku ndiko zinakolimwa, mama, vaa rangi yake.

Jambo moja lisimamie mwenyewe: poda. Kuna poda nyeupe laini sana ambayo mabinti hupenda kuirundika chini ya macho. Kwa macho ya kawaida haionekani, lakini flashi ya mpiga picha inapoipiga inarudisha mwanga, na albamu nzima utatoka na miduara myeupe. Kabla hujaondoka saluni mwombe mtu akupige picha na simu, taa ya flashi ikiwa imewashwa, gizani kidogo. Ukiona weupe, rudi kwenye kiti. Usione aibu kumrudisha kazini mpakaji, umemlipa, na picha hizo zitatundikwa sebuleni kwa mkwe wako.

Ukirudi nyumbani usiku, usilale nayo. Chukua mafuta ya alizeti masafi kidogo kiganjani, pitisha usoni macho yakiwa yamefumbwa, yatayeyusha nta na rangi zote, futa kwa kitambaa laini kisha nawa kwa sabuni yako ya kawaida.

SWALI: Asalaam aleikum dada. Niko Kondoa, navaa nikabu, hivyo macho ndiyo yanayoonekana. Nimependa toleo moja lenye vimetameta vya rangi ya zumaridi. Pia bibi yangu ana wanja wa kusaga alioletewa kutoka ng'ambo, anatupaka hadi watoto. Una maoni gani? — *Msomaji, Kondoa*

JIBU: Waaleikum salaam. Zumaridi ndani ya nikabu nyeusi ni uzuri mtupu, na wewe huna haja ya kupauka wala kupunguza, kitambaa cheusi kinaibeba rangi yote. Ila vimetameta vikavu nakuombea uviache. Chembe zikidondoka huwa zinateleza na kutoka, lakini kwako kitambaa kinazizuia palepale chini ya jicho, na upepo wa huko ukivuma zinaingia ndani. Vile vya kupambia kadi na maua ndivyo vibaya zaidi, vina kingo zinazoweza kukwaruza mboni. Tafuta zumaridi ya krimu au ya penseli yenye mng'ao wa maika, utapata rangi ileile bila chembe.

Kuhusu wanja wa bibi, hapa sitapindisha. Wanja wa asili wa kusaga katika nchi nyingi umekuwa ukitengenezwa kwa jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi. Risasi inaingia mwilini, hasa mtoto anaposugua jicho kisha akaweka mkono mdomoni, na inaharibu ubongo unaokua. Huwezi kujua kwa kutazama kama wa bibi unayo au hauna. Mtafutie penseli nyeusi ya macho yenye orodha ya viungo, iliyo na CI 77499, oksidi nyeusi ya chuma, umpelekee kwa heshima na kumweleza. Watoto wasipakwe kabisa, wa bibi wala wa dukani. Kama wamekuwa wakipakwa kwa muda mrefu, wapeleke kituo cha afya na umweleze daktari kuhusu wanja huo.

SWALI: Dada, mimi ni mwanaume, niko Manyoni. Mke wangu anapenda mekapu za rangi, nataka kumnunulia seti ya mwisho wa mwaka. Sijui chochote. — *Mume, Manyoni*

JIBU: Kaka, umefanya vema kuuliza kabla ya kununua. Usinunue faundesheni wala poda, hizo lazima ngozi yake iwepo dukani. Nunua rangi za macho na mdomo. Tazama anachomaliza kwanza kwenye mkoba wake: kama lipstiki nyekundu imebaki kipande, mletee nyekundu nyingine yenye ukoo huohuo. Matoleo ya mwisho wa mwaka yana nyekundu, dhahabu na zambarau nzito, na karibu zote zinawakubali wanawake wa ngozi nyeusi bila penseli ya chini. Chagua paleti ndogo yenye rangi nne au tano badala ya boksi kubwa la rangi 30, atazitumia zote. Angalia ile alama ya kopo na tarehe, hakikisha karatasi ya juu haijafunguliwa, na omba risiti. Nunua mapema Novemba ukishuka Dodoma au Singida, kwa kuwa wiki ya Krismasi utakuta zilizobaki zimeguswaguswa na kila mpita njia.